Risala ya walimu tarajali kwa mgeni rasmi, siku ya kuhitimu mafunzo ya ualimu

Mheshimiwa mgeni rasmi,
Mkuu wa chuo,
Wahadhiri wetu, walimu walezi kutoka shule za mazoezi, wazazi, wanachuo wenzetu,
Mabibi na mabwana,

Awali ya yote, tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu licha ya majukumu mengi uliyonayo. Ulishika chaki miaka mingi kabla ya kukabidhiwa uongozi, na ndiyo sababu tulikuomba wewe.

Mheshimiwa mgeni rasmi, sisi ni walimu tarajali wa mwaka wa mwisho katika chuo cha sanaa huria, yaani cha elimu pana isiyofungwa kwenye somo moja. Kila mmoja wetu ana somo lake kuu, liwe hisabati, historia, baiolojia au fasihi. Pamoja na hilo amesoma falsafa, lugha, muziki na sayansi ya jamii, katika madarasa madogo ambamo huwezi kujificha nyuma ya mwenzako. Saikolojia ya mtoto, mbinu za kufundishia na mazoezi ya kufundisha vikaja juu ya hayo yote. Ratiba imekuwa nzito, na wapo jamaa zetu waliotuuliza, kwa nia njema kabisa, mwalimu wa watoto wadogo falsafa ataipeleka wapi.

Swali hilo tuliingia nalo darasani. Mwenzetu mmoja wa hisabati alipangiwa kufundisha sehemu. Akaandika ubaoni 1/4 na 1/8, akauliza ipi kubwa. Mtoto wa dawati la mbele akajibu bila kusita kwamba ni 1/8, kwa kuwa nane ni kubwa kuliko nne. Mwenzetu aliyezoea kuthibitisha kanuni ngumu alipigwa bumbuwazi. Akairudia kanuni iliyokuwa kwenye andalio lake la somo, safari hii kwa sauti ya juu zaidi. Mtoto akaitikia kwa kichwa, na zoezi lililofuata akakosa vilevile.

Baada ya vipindi, mwalimu mlezi hakumlaumu. Alichukua karatasi mbili zinazolingana, moja akaikunja mara mbili na nyingine mara tatu, akamwambia, "Kesho mpe azifungue mwenyewe, kisha umuulize angependa kupewa kipande kipi." Kesho yake mtoto alizifungua, akahesabu vipande, akavilinganisha kwa kidole. Kisha akasema kwa mshangao, "Kumbe mkiwa wengi, kila mtu anapata kidogo!"

Siku ile ya kwanza, hisabati mwenzetu alikuwa nayo ya kutosha. Mwaka 1986 Lee Shulman, mtafiti wa elimu wa Marekani, alieleza kuwa mwalimu anahitaji maarifa ya aina yake: kulijua somo kwa jinsi linavyofundishika, kwa mifano inayolifungua na kwa dhana potofu ambazo wanafunzi huja nazo. Maarifa hayo huzaliwa pale somo na mtoto wanapokutana mbele ya mtu aliyejiandaa kwa vyote viwili.

Na falsafa? Katika miaka ya 1970 Mary Budd Rowe, naye mtafiti wa elimu wa Marekani, alionyesha kuwa walimu wengi wakishauliza swali husubiri kama sekunde 1 tu kabla ya kulidakia wenyewe. Wakisubiri sekunde 3, majibu ya wanafunzi hurefuka, na hata wale wakimya huanza kujitokeza. Sekunde 3 mbele ya darasa lililonyamaza ni ndefu mno, Mheshimiwa. Sisi tulijifunza kuzivumilia kwenye semina za falsafa, ambako mhadhiri alituacha na swali mpaka mmoja wetu athubutu. Wala ualimu si mgeni katika elimu hii ya sanaa huria. Katika vyuo vikuu vya Ulaya ya zama za kati, aliyefuzu sarufi, mantiki, balagha, hesabu, jiometri, muziki na elimu ya nyota aliitwa magister, neno la Kilatini lenye maana ya mwalimu.

Mheshimiwa mgeni rasmi, linalotuumiza ni kuchelewa. Tumekutana na watoto mwaka wa tatu, wakati mengi tuliyofundishwa kuwahusu tulikwisha kuyakariri na kuyajibia mtihani. Wahadhiri wa masomo yetu makuu nao hawafiki shuleni, kwa hiyo yule wa hisabati hakuwahi kulisikia jibu la mtoto wa 1/8, jibu ambalo lingefaa kujadiliwa wiki nzima.

Tunaomba utusemee mambo mawili. Kwanza, mwanachuo aanze kwenda shuleni tangu mwaka wa kwanza, hata kama ni kukaa nyuma ya darasa na kuandika anachokiona, na mhadhiri wa somo lake aongozane naye walau mara moja kwa muhula. John Dewey, mwanafalsafa wa Marekani, alipofungua shule ndani ya Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1896, alitaka nadharia za elimu zijaribiwe mbele ya watoto halisi. Sisi hatuombi majengo. Pili, walimu walezi wapunguziwe vipindi wanapotulea. Mazungumzo yale ya karatasi yalifanyika katika muda ambao mama yule alipaswa kuwa anasahihisha madaftari.

Karatasi zenyewe tumezihifadhi. Mwenzetu wa hisabati atakukabidhi sasa, zikiwa zimekunjwa kama zilivyokuwa.

Tunaomba kuwasilisha.