Aliongezewa mara ngapi?

Mhariri,

Msomaji mmoja alilalamika humu kwamba wenyeji wa siku hizi wanamimina chai nusu kikombe. Naomba nimuulize: je, aliongezewa mara ngapi?

Mimi ni fundi mstaafu wa mifereji ya umwagiliaji, naishi Tukuyu. Miaka ya 1980 nilisoma Tashkent, Uzbekistan, enzi za Wasovieti. Siku ya kwanza kualikwa kwa Wauzbeki nilikaa karibu na mlango, kwa adabu za kwetu. Baba mwenye nyumba akanishika mkono, akanipeleka ndani kabisa, mbali na mlango. Huko ndiko anakokaa mgeni wa heshima. Akamimina chai ya kijani kwenye kibakuli, akairudisha birikani, akafanya hivyo mara tatu, ndipo akanipa. Funda mbili tu! Nikasema moyoni, hawa wana njaa kuliko sisi. Kumbe kidogo ndiyo heshima yenyewe: mwenyeji anataka akuongezee tena na tena, ukae. Kibakuli kikijaa pomoni, aga. Na mkate wao wa duara unamegwa kwa mkono; ole wako uuweke kifudifudi.

Watatari nao walikuwa wengi mjini humo, ingawa kwao hasa ni Kazan, huko Urusi, kwenye mto Volga. Dini moja na Wauzbeki, lugha zao ndugu, lakini chai mbalimbali. Mama wa mwanafunzi mwenzangu alinipa chai nyeusi yenye maziwa ya moto, kama ya nyumbani, nikakaribia kulia. Mezani palikuwa na echpochmak, pembetatu kama sambusa ila zimeokwa, ndani nyama na viazi. Halafu chak-chak, vipande vya unga vilivyokaangwa na kushikanishwa kwa asali. Wauzbeki wanisamehe, tumbo langu lilihamia kwa Watatari.

Niliporudi nikamkaribisha mjomba. Nikammiminia funda mbili, tena chai ya mashamba haya haya tunayoyaona dirishani. Akakitazama kikombe, akanitazama mimi: “Mpwa wangu, huko ulikwenda kusomea ubahili?”

Nilijieleza mpaka mbalaga, ndizi zetu za kupika, ikapoa. Hakunielewa. Tangu siku ile hadi anafariki nilimjazia mpaka inamwagikia kwenye kisosi, naye alianza na ile ya kisosini.

Fundi mstaafu,
Tukuyu, Mbeya