Barua ya wazi kwa Waziri wa Usalama wa Ndani: Msimzike "asiyejulikana" kabla ya kuchukua mate ya mama yangu

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu zangu na za familia yangu. Natumai kazi za taifa zinakwenda vyema na kwamba nyumbani kwako watu wanalala usingizi. Kwetu mama halali, kwa hiyo sisi wengine tunalala kwa zamu.

Nilikuwa nimeamua kutoandika tena. Ofisi za serikali zina barua zangu za kutosha, na naamini zimehifadhiwa vizuri mno kwa sababu hakuna aliyewahi kuzitoa kuzijibu. Lakini wiki jana mochari moja ya umma ilitoa tangazo gazetini, kwenye ule ukurasa wa zabuni ambao hausomwi ila na wanakandarasi. Tangazo linawataka wananchi wachukue miili ya jamaa zao katika muda wa siku 7, la sivyo itazikwa kwa amri ya mahakama. Chini yake kuna orodha. Wenye majina ni wachache. Waliobaki wameandikwa mstari kwa mstari: mwanamume, mtu mzima, hajulikani. Mwanamume, mtu mzima, hajulikani. Mwanamke, hajulikani. Mbele ya mmoja wameongeza alikookotwa: mtoni.

Basi, imeisha hapo. Hakuna kimo, hakuna rangi ya shati, hakuna pengo la jino. Kakangu mdogo ana kovu la kuungua kwenye mkono wa kushoto, kutoka kifundoni hadi karibu na kiwiko, alilolipata kwa uji wa shule akiwa darasa la tatu. Tangazo hilo linanisaidia nini mimi, Mheshimiwa? Nikija hapo na jeneza, nimchukue yupi?

Niruhusu nikukumbushe habari yake, maana najua mafaili ni mengi. Alikuwa mwendesha bodaboda. Desemba 2021, jua likizama, wanaume wanne walimchukua kwenye steji wakamtia katika gari lisilo na namba. Wenzake waliona. Mmoja alithubutu kuuliza kosa ni nini, akafunuliwa koti aone bastola, akarudi nyuma. Pikipiki ilibaki imesimama pale pale, helmeti juu ya kiti. Nilipofika katika kituo kimoja cha polisi (sikitaji, kwa sababu bado ninaishi karibu nacho) askari wa zamu aliniambia huku akibonyeza simu yake kwamba vijana wa siku hizi hupotea wakioa bila kuwaambia dada zao. Nikapewa namba ya OB, lile daftari la matukio la kituo. Ninayo hadi leo. Karatasi imechakaa kwenye mikunjo na tarakimu ya mwisho nimeikolezea kwa kalamu yangu mwenyewe.

Mwezi mmoja baadaye ikaja habari ya Yala.

Sisi ni watu wa Vihiga, na mto Yala hatuusomi kwenye ramani. Unatoka huko juu Nandi, unapita msitu wa Kakamega, unapita kwetu, unashuka Siaya hadi kwenye kinamasi, kisha ziwani. Mimi na kakangu tulijifunza kuogelea humo, na tulichapwa kwa sababu hiyo. Januari 2022 wanaharakati walipoingia mochari ya Yala walikuta miili zaidi ya 20, iliyoopolewa mtoni kwa muda wa miezi. Mingine ilikuwa imefungwa kamba, mingine imo ndani ya magunia. Waliokuwa wakiiopoa ni wanakijiji wenyewe, wanaume wa kupiga mbizi, na miezi yote hiyo hakuna kengele iliyolia Nairobi. Kelele zilipopigwa ndipo wapelelezi wakatumwa. Alama za vidole zikawapa majina baadhi ya marehemu, na familia zikaja kutoka kaunti za mbali kabisa, watu ambao hawajawahi kuwa na shangazi wala shamba Siaya. Nami nilikuwa miongoni mwa waliofika. Niliangalia mikono tu. Nyuso hazikuwa za kuangaliwa, na mikono mingine maji yalikuwa yameivua ngozi.

Tukaambiwa uchunguzi unaendelea. Oktoba mwaka huo huo Rais alivunja kile kikosi maalumu cha polisi, SSU, kilichotuhumiwa kuua na kupoteza watu, na kuahidi kwamba mauaji ya namna hiyo yamekwisha. Nilipiga makofi mbele ya redio, nakiri bila aibu. Mama alisema Mungu amejibu. Tangu siku hiyo sijasikia jina la mtu hata mmoja aliyehukumiwa kwa ajili ya miili ya Yala. Labda hukumu ilitolewa siku ambayo stima ilikatika kwetu.

Na msiniambie haiwezekani. Juni 2016 wakili Willie Kimani, mteja wake Josephat Mwenda na dereva wao Joseph Muiruri waliuawa na miili yao ikatupwa mtoni, Ol Donyo Sabuk, ndani ya magunia. Mto, gunia na kamba, kila kitu sawa na Yala. Kesi ilikwenda, polisi walipatikana na hatia Julai 2022, na Februari 2023 mmoja wao akahukumiwa kifo. Ilichukua zaidi ya miaka 6 lakini ilifika. Tofauti ni nini? Mimi naiona moja. Wale watatu walijulikana majina siku ile ile walipopotea, mawakili wakaandamana, na kila mtu akawa anauliza nani aliwaona mwisho, saa ngapi, wakiwa na nani. Jina likishapatikana, maswali yanafuatana yenyewe mpaka mlangoni kwa mtu. Bila jina hakuna swali la pili.

Ndiyo maana nimeanza kuamini, na unisahihishe kama nakosea, kwamba kutojulikana kwa watu hawa ni sehemu ya mpango. Mtu anachukuliwa kaunti moja, anatupwa mto wa kaunti nyingine, maji yanamsogeza mbali zaidi, na mochari inayompokea haina habari kwamba kuna dada mahali fulani mwenye namba ya OB. Vituo viwili vya polisi, kila kimoja kina nusu ya habari, na havizungumzi. Aliyepanga hivyo anaijua serikali yetu vizuri kuliko mimi. Au pengine hakuna aliyepanga, ni uzembe wa kawaida tu uliokutana na wauaji ukawafaa. Sijui lipi ni afadhali.

Kisha ikaja Kware. Julai 2024, pale Mukuru kwa Njenga, Nairobi, magunia tena, safari hii ni wanawake, kwenye shimo la machimbo lililojaa taka, hatua chache kutoka kituo cha polisi. Siku chache baadaye tukatangaziwa kwamba mshukiwa amekiri kuua wanawake 42. Wakili wake akasema aliteswa ili akiri. Haya, mahakama ingeamua. Lakini alfajiri ya tarehe 20 Agosti, askari wa kituo cha Gigiri walipopeleka kiamshakinywa waligundua kwamba mteja wao huyo ameondoka usiku pamoja na mahabusu wengine 12. Gigiri, Mheshimiwa, palipo na ubalozi wa Marekani na Umoja wa Mataifa, mtaa wenye walinzi wengi kuliko miti. Kakangu angewekwa kwenye seli dhaifu namna hiyo, leo angekuwa nyumbani.

Najua jibu linalopendwa, kwa sababu nimelisikia hata kwenye matatu: hao wa Yala walikuwa wezi. Sina ushahidi kwamba kakangu aliwahi kuiba hata kuku, lakini tuseme aliiba. Kifungu cha 49 cha Katiba kinasema aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Hakitaji mto.

Nije kwenye maisha yetu kidogo, kwa kuwa wakubwa hudhani mtu akipotea anapotea peke yake. Pikipiki ilikuwa ya mkopo, wenye mkopo walikuja kuichukua kabla ya Pasaka. Mkewe alingoja, akachoka, akarudi kwao, simlaumu. Mtoto nimebaki naye mimi, kwa kibanda changu cha sukumawiki na nyanya. Niliambiwa kuna basari ya yatima. Ofisi ya basari inataka cheti cha kifo. Cheti kinataka kibali cha mazishi. Kibali kinataka mwili. Na mwili, ikiwa uko, uko katika orodha yenu ya wasiojulikana. Wakili mmoja alinieleza kwa huruma kwamba Sheria ya Ushahidi inaruhusu mahakama ichukulie kuwa mtu amekufa akikaa miaka 7 bila kusikika. Yaani Desemba 2028 mpwa wangu atakuwa yatima rasmi. Wakati huo sijui atakuwa shule gani, au kama atakuwa shule.

Wazee wa ukoo walikuja na pendekezo lao. Kwetu mtu akipotelea mbali na mwili usipatikane, hukatwa shina la mgomba likazikwa mahali pake, watu wakalia, mambo yakaisha. Walilileta kwa upole, mwaka jana, wakiwa wameshachagua hata mgomba wenyewe nyuma ya jiko. Mama aliwasikiliza hadi mwisho, akawapa chai, kisha akawaambia kwamba alizaa mtoto na serikali ilimwandikia cheti cha kuzaliwa, basi serikali hiyo hiyo imwambie alipo. Wazee waliondoka. Ule mgomba umezaa mara nyingine tangu hapo na ndizi zake tumeuza.

Nilikuwa nimeandika madai mengi. Kwamba waliohusika na Yala washtakiwe. Kwamba ile sheria ya mwaka 2017 ya kuunda ofisi huru ya kuchunguza vifo vya kutatanisha itolewe kabatini ianze kazi, ili polisi wasiendelee kuchunguza vifo ambavyo polisi wenyewe wanashukiwa kuvisababisha. Kwamba mkataba wa kimataifa wa kuwalinda watu dhidi ya kupotezwa kwa nguvu, ambao Kenya iliutia saini mwaka 2007, uridhiwe. Saini hiyo sasa ina umri wa kuwa na kitambulisho. Kwamba iwepo rejista moja ya nchi nzima, waliopotea upande huu, miili isiyojulikana upande ule, na mtu wa kulinganisha. Madai yote hayo bado nayadai. Lakini nimesoma lile tangazo tena jana usiku na naona hayo yatachukua miaka, wakati mimi nina siku 4.

Kwa hiyo nisikilize kwa hili moja tu.

Mama yangu ana zaidi ya miaka 70 na presha yake haishuki. Kuna maabara moja ya serikali iliyowahi kuchukua mate yangu mimi, ikanipa karatasi, na nilipofuatilia nikaambiwa sampuli haionekani kwenye mfumo. Mhudumu mmoja mwungwana alinivuta pembeni akanieleza kwamba hata hivyo ya kwangu si ya kutegemewa sana, dada na kaka wanaweza kufanana kidogo au sana kwenye DNA, lakini mzazi na mtoto hakuna kubahatisha, nusu ya mtoto hutoka kwa mama. Baba tulimzika zamani. Amebaki mama. Akienda, hata mkifufua hamu ya kuchunguza, mtakuwa mmebaki na mimi na kubahatisha.

Msizike bado. Au kama nafasi imejaa kwenye majokofu na lazima mzike, basi kabla ya kuzika ng'oeni jino moja moja, au kipande cha mfupa, kiwekwe kwenye mfuko wenye namba, na namba hiyo hiyo iandikwe kaburini. Hilo halihitaji kura ya Bunge. Kule Shakahola, msitu ambamo wafuasi wa mhubiri mmoja walifunga kula hadi kufa, mlifukua miili zaidi ya 400, na hadi mlipoanza kukabidhi familia Machi 2024 mlikuwa mmeitambua 34 tu kwa DNA. Ni wachache, ni aibu, lakini watu hao 34 wana makaburi yenye majina. Mimi naomba nafasi ya kuwa mtu wa 35, popote pale, mto wowote.

Naomba sampuli ya mama ichukuliwe na ilinganishwe na ile miili iliyo kwenye tangazo, hasa huyo wa mtoni. Mkiona mkono wa kushoto una kovu, msihangaike hata na maabara, nipigieni.

Mama hupatikana nyumbani. Alhamisi huenda kliniki na Jumapili asubuhi huwa kanisani, siku nyingine zote yupo. Mtume yeyote mwenye kijiti cha pamba na chupa safi. Nauli yake kutoka Nairobi tutaichanga.

Wako mtiifu,

Dada yake,
Vihiga