Kwa wanangu wa kiume: msipeleke mgongo peke yake

Wanangu,

Mwenzenu ameandika usiku wa manane kwamba amechoka kuishi. Mmemjibu "jikaze", mkamtumia picha za kuchekesha, na mmoja akamshauri aoe. Kesho akizikwa mtasema hakuonyesha dalili.

Duniani watu zaidi ya 700,000 hujiua kila mwaka, na kiwango cha wanaume ni zaidi ya mara mbili ya cha wanawake. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito na kukata tamaa, hata hivyo, hupatikana zaidi kwa wanawake, na ndio wanaoitafutia tiba. Kwenu ninyi mara nyingi haiji na machozi. Huja na hasira, pombe, kazi isiyo na mapumziko na mwendo wa kichaa barabarani, nasi tunasema tu fulani siku hizi mkorofi.

Msiniambie hamwendi hospitali. Mnakwenda, ila mnapeleka mgongo. Mnapeleka kichwa, tumbo, "uchovu kidogo". Daktari anapima presha, anaiona iko sawa, anaandika dawa ya maumivu, mnaagana. Angejuaje? Kabla ya kuingia, andika kwenye karatasi: hali imeanza lini, unalala saa ngapi, unakunywa kiasi gani, na kama wazo la kufa limekupitia. Mpe ukikaa tu, si wakati umeshashika kitasa cha mlango. Huenda akakuuliza maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila jibu likiwa na alama 0 hadi 3. Jumla ikifika 10, ana sababu ya kukuchunguza zaidi. Ukijibu "hapana, hapana" ili utoke upesi, utarudi nyumbani na ugonjwa wako na dawa ya mgongo.

Ukipewa dawa za sonona, usitegemee nafuu ya kesho. Nafuu huanza kuonekana baada ya wiki 2 hadi 4 hivi, na maudhi hutangulia: kichefuchefu, usingizi kuvurugika. Baadhi hupunguza nguvu za kiume, na hapo ndipo wengi wenu huzitupa kimyakimya. Semeni, jamani! Dozi hupunguzwa, dawa hubadilishwa. Kuziacha ghafla huleta kizunguzungu na wasiwasi, na kwa kawaida huendelea kutumiwa angalau miezi 6 baada ya kupona.

Mshauri nasaha asipokufaa, tafuta mwingine.

Dada zenu nao wana kilio chao. Wao husema mapema, lakini hawasikilizwi: kifua kinabana, wanaambiwa ni mawazo, moyo haupimwi. Na mzazi anayelia zaidi ya wiki 2 baada ya kujifungua msimwambie atazoea. Mpelekeni akaonwe.

Sasa, mwenzenu. Aendewe na mtu mmoja, si kikosi. Mtembee naye, maana wengi wenu husema zaidi mkiwa bega kwa bega kuliko mkitazamana. Muulize waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Swali hilo halimtii mtu wazo hilo kichwani. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake. Ondoeni karibu naye dawa, sumu na silaha, mmfikishe hospitali leo hii, na mmoja aingie naye ndani akitaka.

Zile picha zifuteni. Kisha mpigieni simu.