Ofisi tupu za katikati ya Nairobi zigeuzwe makazi

Mhariri,

Tangu Machi 2020, serikali ilipowataka watu wafanyie kazi nyumbani ili kuzuia korona, kampuni nyingi zimetambua kwamba kazi ya kompyuta haihitaji ghorofa nzima, nazo zimepunguza nafasi zinazokodi. Ni kweli kwamba ofisi zilianza kutoka katikati ya jiji na kuhamia mitaa ya Upper Hill na Westlands zamani, zikikimbia msongamano na uhaba wa maegesho, lakini kufanyia kazi nyumbani kumeongeza ofisi tupu katikati ya jiji.

Anayeumia kwanza si mwenye jengo. Mama aliyekuwa akituuzia chai na mandazi mlangoni pa ofisi yetu alikuwa akimaliza sufuria mbili kabla ya saa nne asubuhi. Sasa huja na chupa moja tu, na Ijumaa, siku ambayo wenzangu wengi hubaki nyumbani, haji kabisa. Fundi viatu wa pale ngazini alishaondoka.

Ghorofa za chini zimepata wateja, kwa kuwa zimegawanywa vibanda vya nguo na simu. Tatizo ni za juu. Naiomba Serikali ya Kaunti irahisishe idhini ya kuzigeuza nyumba za kupanga. Najua gharama ni kubwa, maana katika ofisi vyoo hujengwa mahali pamoja na mabomba hayafiki kila chumba. Kwa hiyo wanaothubutu wapunguziwe ada kwa miaka michache, ili watu waishi humo na kununua chai hata Jumapili.

Mkazi wa South B,
Nairobi