Zawadi za bahati nasibu ya Jumamosi

Jamani habari za jioni, mara ile mtu mmoja alibeba laki tatu nzima sisi wengine tukabaki tunaangaliana na vikaratasi mkononi, haikukaa poa kabisa. Safari hii naiga Wahispania, ile bahati nasibu yao ya Krismasi asilimia 70 ya mauzo inarudi kwenye zawadi, na tiketi yenye tarakimu ya mwisho kama ya mshindi inarudishiwa hela yake. Kwetu tiketi 200 @ 2,000: wa kwanza laki moja, saba wengine elfu 20 kila mmoja, alafu zile 20 zinazoishia sawa na mshindi zinarudishiwa buku mbili (mshindi nae yumo, msinune). Inabaki 120,000 ya madawati. Mwenye neno aseme leo, kesho naprinti.