Mama mdogo, usisubiri mpaka titi liume

Mama mdogo, shikamoo.

Juzi kwenye simu nilikuuliza kama umeshakwenda kukaguliwa matiti, ukanijibu, "Siumwi, nikapime nini?" Nakujibu hapa hadharani kwa sababu jibu hilo ni la mama zangu wengi, kuanzia Newala hadi Nachingwea, na linaniogopesha.

Saratani ya titi ikianza, mara nyingi haiumi. Mtu ana kivimbe kigumu, na bado analima, anaokota korosho, anacheza ngoma ya unyago kama kawaida. Maumivu mengi huja ugonjwa ukishasambaa. Ndiyo maana wanawake wengi nchini hufika hospitali ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne, yaani za mwisho. Halafu mgonjwa akifariki baada ya upasuaji, tunasema kisu ndicho kilichoamsha ugonjwa. Si kisu, mama. Alicheleweshwa.

Mikorosho yako ikitoa maua unaikagua asubuhi na mapema, shada kwa shada, na ukiona ugonjwa wa ubwiri unga kidogo tu unatafuta dawa ya salfa. Husubiri maua yakauke. Mwili wako nao una haki hiyo.

Wala usiseme kwenye ukoo wetu hakuna aliyeugua. Shirika la Afya Duniani linasema karibu nusu ya wanaopata saratani hii hawana kihatarishi kinachojulikana zaidi ya kuwa wanawake wenye umri wa zaidi ya miaka 40. Wewe umeshavuka hapo.

Najua pia unaona haya. Ukaguzi wenyewe uko hivi: mnaingia chumbani, mlango unafungwa, na una haki ya kuomba muuguzi mwanamke. Anakutazama ukiwa umekaa, kisha umeinua mikono, kisha anakulaza na kukupapasa taratibu kwa vidole, titi lote mpaka kwapani na juu karibu na mtulinga. Hakuna sindano. Akigusa kitu asichokielewa utaandikiwa altrasaundi au mamografia, yaani vipimo vya picha ya titi, na pengine kuchukuliwa kinyama kikapimwe. Kuchukua kinyama hakusambazi saratani. Na vivimbe vingi vya matiti si saratani kabisa.

Nyumbani nako jitazame. Ngozi iliyobonyea, chuchu iliyoingia ndani ghafla, damu au majimaji yanayotoka kwenye chuchu, uvimbe kwapani: ukiona kimojawapo, usianze na dawa za kuchua. Nenda zahanati siku hiyo hiyo, uombe rufaa.

Usiniambie tena "nikishauza korosho." Oktoba ndio mwezi wa kuhamasisha uchunguzi wa saratani ya matiti duniani kote, na kwetu ndio msimu wenyewe wa korosho, kwa hiyo kila mwaka tunaahirisha. Shamba watoto watalisimamia kwa siku hiyo moja. Panda gari la asubuhi uje Mtwara mjini, nikupokee stendi, twende wote hospitali ya Ligula. Nikaguliwe na mimi, maana umri unanisogelea.

Mwanao.