Chini ya Migomba Kuna Njia: Barua kwa Vijana Wachora Ramani wa Moshi

Wanangu na wajukuu zangu,

Marahaba. Kila tunapokutana mjini mnaniamkia kwa heshima, kisha mnanionyesha kwenye simu mlichokichora wiki hiyo, nami hufurahi kwelikweli. Mimi ni muuguzi mstaafu. Sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa huduma ya mkoba: kupima watoto uzito, kuchanja, kuwaona wajawazito katika vijiji vya Kibosho, Uru, Old Moshi na Kirua. Kwa hiyo ramani kwangu ni jambo la uhai wa watu. Nawaandikia hadharani ili yawafikie na wenzenu ambao hatujaonana, wa Machame, Marangu na Rombo, hata wale wa Arusha wanaochora miteremko ya Meru.

Jambo langu kubwa ni hili: huku mlimani satelaiti haioni. Kihamba, yaani shamba la ukoo linalozunguka nyumba, kina migomba, chini yake kahawa, juu yake mringaringa na mparachichi. Nyumba imo humo ndani, njia imo humo ndani, na mara nyingi wingu limekaa juu ya picha yenyewe. Anayechora akiwa ng'ambo huona kijani kitupu, akabahatisha. Nanyi mlio hapa hapa mkibahatisha kama yeye, hatabaki wa kumsahihisha. Choreni kile mlichosimama mbele yake. Mahali pasipochorwa humfanya msafiri aulize wenyeji. Mahali palipochorwa uongo humfanya aache kuuliza, na hapo ndipo hatari ilipo.

Itazameni OpenStreetMap, ile ramani huria ya mtandaoni mnayoichora pamoja na watu wa kujitolea wa dunia nzima, ilivyo leo. Njia za wapandaji, ya Marangu, ya Machame, ya Umbwe, zimechorwa kona kwa kona hadi kilele cha Uhuru, mita 5,895, kwa sababu wageni hupanda na GPS mkononi na kuziweka wenyewe. Mjini nako, kuanzia mnara wa saa kwenda stendi, kumejaa maduka na hoteli. Lakini teremka kidogo kutoka lango la hifadhi, ingia vijijini. Vichochoro ambavyo mgonjwa hubebwa kwa machela hadi lifikapo gari, vingi havimo. Kazi yenu iko huko. Mgahawa wa mjini utachorwa tu na mtu mwingine.

Mito yetu, Karanga, Weruweru, Rau na mingineyo, imechimba makorongo marefu kutoka mlimani hadi tambarare. Vijiji viwili hutazamana, watu huitana wakasikiana, lakini gari likitaka kwenda upande wa pili mara nyingi hulazimika kushuka mpaka barabara kubwa, kisha kupanda mgongo mwingine wa mlima. Sasa mtu akiona kwenye picha mstari mwembamba unaokata korongo akauita barabara, programu ya kuelekeza njia itampeleka dereva pale pale. Atafika usiku, ana mgonjwa nyuma, akute bomba la maji au magogo mawili ya kuvukia kwa miguu. Kila kivuko kiendeeni. Semeni kama ni daraja la gari, la pikipiki au la miguu, na waulizeni wanaoishi jirani kama maji ya masika hulifunika.

Hapo pana mambo mawili ya kiufundi. Barabara zinazokutana lazima zishike nodi moja, yaani nukta moja kwenye ramani. Zikikaribiana kwa macho tu bila kuungana, programu huhesabu pengo na kumzungusha msafiri kilomita nyingi. Ila barabara ipitayo juu ya daraja isiunganishwe na mto ulio chini yake. Vuteni karibu kabisa mkague kila makutano kabla ya kuhifadhi.

Kitu kingine kinachowapoteza wengi ni mfongo, mfereji wetu wa asili wa kuleta maji mashambani. Kutoka juu mfongo unafanana sana na kichochoro: mstari mwembamba wa rangi ya udongo katikati ya migomba. Lakini njia ya watu kwa kawaida hufuata mgongo, hupanda na kushuka nao. Mfongo unaambaa ubavuni, ukishuka polepole mno, kwa kuwa wazee walioupima walitaka maji yatembee yasiporomoke. Ukiona mstari unaozunguka mlima karibu usawa mmoja, usiuite njia kabla hujaufikia. Ukishaufikia, uchore katika kundi la njia za maji, na kama kuna ukingo ambao watu hupita kando yake, uchore nao kama njia ya miguu. Msiudharau mfongo mkauacha. Vijiji vimepangana kwa kufuata mifongo tangu zamani, na wazee wanaosimamia zamu za maji wanajua ulikoanzia, unakoishia na ule uliokauka. Kaeni nao. Mtajifunza kijiji kizima kwa asubuhi moja.

Simu zenu nazo zina mipaka. Uwanjani peupe, GPS ya simu hukosea mita chache tu. Chini ya miti mikubwa au ndani ya korongo hukosea zaidi, kwa hiyo simameni kidogo mpaka itulie, na njia muhimu ipiteni zaidi ya mara moja. Picha ya satelaiti pia huweza kuwa imesogea, na penye mteremko mkali husogea zaidi kuliko tambarare. Kabla ya kuchora, ilinganisheni na nyayo za GPS kadhaa zilizopita barabara ileile, mwirekebishe ikae sawa. Mtu asiyefanya hivyo huhamisha mtaa mzima, kisha anayemfuata anaurudisha, na wanashinda wakisukumana bila sababu.

Kuhusu barabara, msiipe ngazi kwa kutazama lami. Ngazi ya barabara inatokana na kazi yake: inaunganisha nini na nini. Barabara ya udongo inayounganisha kata mbili ina uzito kuliko kipande cha lami kinachoishia kwenye geti la mtu. Hali ya uso, kama ni lami, changarawe au udongo, ina lebo yake ya peke yake, na huku kwetu ni lebo muhimu mno. Udongo wetu mwekundu ukilowa mwezi wa Aprili, gari lisilo la kuvuta magurudumu yote hubaki njiani. Programu ya StreetComplete huuliza maswali kama haya moja moja unapotembea, na majibu hutunzwa kwenye simu mpaka upate mtandao. Kwa anayeanza, ndiyo ninayomshauri.

Sasa nije kwenye yanayonigusa zaidi, nanyi mnivumilie nikirefusha.

Zahanati si hospitali. Nimeona kwenye ramani kila jengo lenye msalaba mwekundu limeitwa hospitali. Mnajua wenyewe ngazi zetu: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa kama Mawenzi, kisha hospitali ya rufaa ya kanda, KCMC. Kila ngazi ina kazi zake, na mama aliyeshikwa na uchungu na mtoto kakaa vibaya hahitaji jengo lililo karibu zaidi, anahitaji lenye chumba cha upasuaji na mtu wa kuufanya. Bodaboda aliyembeba akifuata alama ya hospitali akafika penye mlango uliofungwa tangu jioni, muda uliopotea haurudi. Basi ingieni ndani. Salimieni, jitambulisheni kwa mganga mfawidhi au muuguzi wa zamu, ulizeni maswali machache: ni ngazi gani, hufunguliwa saa ngapi, usiku kuna mtu, wanazalisha, gari la wagonjwa hufika mlangoni au huishia barabarani? Majibu yote yana mahali pake kwenye ramani. Lango mnalolichora liwe lile linalotumika, maana vituo vingine jengo liko upande huu na lango liko upande wa pili wa kilima. Maduka ya dawa muhimu nayo msiyachanganye na famasi, na vyote viwili msiviite kliniki.

Baada ya afya, maji. Bomba la kijiji, kisima, chemchemi: andikeni kama maji yanatoka mwaka mzima au ya msimu tu. Halafu shule, ofisi za vijiji na kata. Hivi havihamihami. Vibanda na baa hufungwa na kufunguliwa, vinaweza kusubiri.

Majina yanataka subira. Tangu Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022 mitaa mingi ina nguzo zenye majina. Kilichoandikwa kwenye nguzo mkakisoma kwa macho yenu mnaweza kukiweka. Lakini kama watu wote wa pale hutumia jina jingine, lisipotee: ramani ina nafasi ya jina mbadala. Waulizeni watu zaidi ya mmoja, mzee mmoja, mwendesha bodaboda mmoja, mama wa gengeni, na wakitofautiana rudini kwa mwenyekiti wa kitongoji. Kituo cha daladala kinachoitwa kwa jina la mtu, hilo limeshakuwa jina la watu wote, liandikeni. Nyumba ya jirani yenu isiandikwe jina la mwenyewe.

Hapo naomba mnisikilize vizuri. Yapo mambo msiyachore hata kama mnayaona waziwazi. Mipaka ya vihamba, ile iliyopandwa mimea ya masale, iacheni. Kesi za mipaka zinatosha kwenye mabaraza, na mstari wenu kesho utabebwa kama ushahidi. Makaburi ya familia yaliyo ndani ya kihamba ni ya familia. Nyumba zinazohifadhi wasichana waliokimbia ukeketaji au ndoa za utotoni zisionekane kwenye ramani kabisa, wala kwa jina lingine, kwa sababu anayewatafuta naye ana simu. Mahali pa matambiko wenyeji ndio waseme. Na karibu na kambi za jeshi msisimame mkipiga picha.

Kabla ya kuingia kijiji, piteni kwa mtendaji na mwenyekiti mkiwa na barua. Kijana mgeni anayeelekeza simu kwenye nyumba za watu hudhaniwa ametumwa kupima ardhi ya mtu mwingine, na kwa historia ya ardhi ilivyo huku siwalaumu wanaodhani hivyo. Waonyesheni ramani yenyewe, muwaambie ni ya kila mtu na haiuzwi. Mtu akikataa, mshukuruni, mwende zenu.

Kunakili ni marufuku. Msichukue kitu kutoka Google Maps, wala ramani za watalii zinazouzwa mjini, wala ile iliyobandikwa ukutani ofisini kama hamjapewa ruhusa ya maandishi. OpenStreetMap ilianzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast, wakati taarifa nzuri za ramani za nchi hiyo zilikuwa na hatimiliki na bei kubwa, hivyo kuingiza kazi ya mwenye hatimiliki ni kubomoa msingi wake.

Mnapohifadhi, andikeni maelezo ya kueleweka: "Kichochoro kutoka shuleni hadi zahanati, Uru, nimekitembea" yanatosha, tena kwa Kiswahili. Ukikuta kosa la mtu, muulize kwanza. Historia ya kila badiliko hubaki, inaonekana nani alichora na lini, na unaweza kumwandikia. Wengi waliochora kwetu kutoka Ulaya walifanya kwa moyo mwema. Waambieni kwa upole mlichokiona pale, watashukuru. Na kwenye yale mashindano ya kuchora majengo, msikimbilie idadi. Majengo kumi yaliyo mahali pake yananifaa kuliko mia yaliyopandiana.

Sahihisho nalo huchelewa kufika. Watu wengi hutumia Organic Maps au OsmAnd, programu za simu zinazotumia ramani hii, hupakua ramani mjini kisha huitumia bila mtandao. Kosa mlilolifuta leo litaendelea kuishi kwenye simu ya dereva mpaka siku atakayopakua upya, ndiyo maana nasisitiza uhakika kabla ya kuhifadhi.

Kazi hii ina faida, na ushahidi upo. Baada ya tetemeko la Haiti la tarehe 12 Januari 2010, watu wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali waliijaza ramani ya Port-au-Prince kwa siku chache, na waokoaji wakaitumia. Hapa nyumbani, kule Dar es Salaam, wanafunzi wa vyuo na wakazi walianza na Tandale mwaka 2011, kisha mradi wa Ramani Huria kuanzia 2015 ukatembea mitaa inayofurika, wakichora mitaro na njia za maji. Waliingia hadi uani kwa watu, na ndivyo walivyojua maji hufika wapi.

Kwa sasa nashauri kundi la Kibosho na kundi la Uru waanze na vivuko kabla masika hayajaingia mwezi wa Machi, kisha warudi kwenye vivuko vilevile mvua ikikatika waone vilivyobaki. Wa Kirua na Old Moshi waanze na zahanati. Mkimaliza, nileteeni orodha ya vituo mlivyovitembelea. Nitaipitia pamoja na wauguzi wastaafu wenzangu waliofanya kazi huko, na pale tutakapotofautiana nanyi, tutapanda tena pamoja tukatazame.

Bibi yenu,
Muuguzi mstaafu, Moshi